Alama za mikono na alama za mtihani: huduma ya ukalimani katika sekondari za Dar

Sekondari ya Dar es Salaam yenye wanafunzi viziwi inaweza kumpata mkalimani wa lugha ya alama kwa njia tatu: kumwajiri wa kudumu, kuwaita wanaolipwa kwa siku, au kumtumia aliye mbali kupitia video. Zote zinauzwa kwa ahadi ileile, kwamba mwanafunzi ataelewa somo. Zote pia hupimwa vibaya: mkuu wa shule anasimama mlangoni, anaona mikono inakwenda kasi, anaridhika. Kasi si hoja. Kipimo ni daftari la mwanafunzi saa za kutoka, maana mtihani wa Kidato cha Pili au cha Nne haufanywi kwa mikono. Unafanywa kwa kalamu, na kwa masomo mengi, kwa Kiingereza.

Hapo kwenye Kiingereza ndipo penye mfupa. Mtoto aliyemaliza darasa la saba Shule ya Viziwi Buguruni amesoma kwa Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT kwa kifupi, huku akiandika Kiswahili. Akifika sekondari, mwalimu anazungumza Kiingereza, anachomeka Kiswahili kila akiona nyuso zimekunjamana, na ubao wote ni Kiingereza. Mkalimani anabeba lugha tatu kwa mpigo. Ndiyo maana mtu anayesifiwa kwa ukalimani wa kanisani au wa mikutano anaweza kuja darasani akachemka. Kule maana ikifika, kazi imekwisha. Darasani ifike maana, lifike na neno lenyewe, pamoja na herufi zake.

Chukua Fizikia ya Kidato cha Kwanza, mada ya mass na weight. Mtaani vyote ni uzito. Hata kilo moja ya nyama buchani tunaiita uzito. Mkalimani asiyejiandaa anatoa alama ya UZITO mara mbili, na mwanafunzi anaandika kwamba mass hupimwa kwa nyutoni, kipimo cha weight. Kosa linapigwa wino mwekundu kwa jina la mwanafunzi, na hakuna anayeuliza lilizaliwa mikononi mwa nani. Aliyejiandaa huspeli M-A-S-S kwa vidole, huonyesha maelezo (kiasi cha maada kwenye kitu, kwa kilogramu, kilekile hata ukikipeleka mwezini), kisha hupatana na wanafunzi alama moja ya kutumia muhula mzima. Baada ya hapo hurudia kuspeli neno kila baada ya dakika chache, ili lisiyeyuke likabaki wazo tupu lisilo na tahajia.

Mapatano hayo yaandikwe. Daftari dogo la somo linatosha: neno la Kiingereza, maana kwa Kiswahili, maelezo ya alama au video fupi kwenye simu ya shule. Bila daftari hilo, siku mkalimani akiugua anakuja mwingine na alama nyingine ya neno lilelile, na darasa linarudi mwanzo. Alama za baadhi ya maneno hutofautiana hata kwa watu wazima, kati ya aliyelelewa kwenye shule ya viziwi ya Tabora na aliyesomea Buguruni, hivyo mgeni si lazima awe amekosea. Hajui tu mlichopatana.

Kuhusu maandalizi, mkataba useme wazi kwamba mkalimani atapewa azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundishwa, mwanzoni mwa muhula, na andalio la somo siku moja kabla. Picha ya ukurasa kwa WhatsApp inatosha. Kwa kipindi cha dakika 40, maneno mapya kumi ni mzigo kamili. Yakizidi hapo mwalimu aambiwe mapema, kwa sababu muda wa kuspeli na kueleza utakula somo. Kwenye shule ambako andalio huandikwa pale tu inaposikika kwamba mthibiti ubora anakuja, mkalimani ndiye wa kwanza kuumia, na hakuna ada ya kutwa itakayoziba pengo hilo.

Sasa chumba chenyewe. Madarasa mengi ya Dar yana madirisha makubwa pande mbili, na mkalimani akisimama mbele ya dirisha saa nne asubuhi anageuka kivuli: mwanafunzi anaona umbo, haoni mdomo wala nyusi. Sehemu kubwa ya sarufi ya lugha ya alama iko usoni. Swali la ndiyo au hapana hubebwa na nyusi zilizoinuliwa, kukanusha kunakaa kwenye kichwa, kwa hiyo kivuli hicho kinaweza kugeuza swali likawa taarifa. Mahali pake ni ubavuni mwa ubao, ukuta wa rangi moja nyuma yake, mwanga ukimpiga usoni. Mwanafunzi kiziwi akae safu ya pili, pembeni kidogo. Safu ya kwanza inamlazimu kugeuza shingo kati ya mwalimu, ubao na mkalimani mpaka jioni imkakamae, na safu ya pili inampa nafasi ya kuona pia mwenzake anayejibu. Nguo iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi ya mikono. Kitenge cha maua makubwa kinameza vidole. Bangili zibaki nyumbani. Hina ya harusi inapendeza, lakini ikiwa bado mbichi na nyeusi kwenye viganja, kuspeli herufi ndogondogo kwa wiki moja kutahitaji mwendo wa pole.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa huduma hii hawaligusi: bati. Mvua za masika zikishuka kwenye paa lisilo na dari, mkalimani hasikii. Kiziwi anaona vizuri, mwalimu anaona anafundisha, na aliye katikati anakisia. Mkalimani mwaminifu huinua mkono na kusema hajasikia. Yule wa kuogopwa anaendelea kupunga mikono. Shule iwe na mpango: mvua ikianza, mwalimu ahamie kuandika ubaoni, au zoezi lifanywe wakati huo.

Hisabati ndiyo inayovunja watu, na si kwa ugumu wa hesabu. Mwalimu anageukia ubao, anaandika huku akisema, "Hii tunaihamishia huku, alama inabadilika, tunagawanya kwa hii." Hii ipi? Mwanafunzi anayesikia anatazama ubao na kusikiliza kwa wakati mmoja. Kiziwi ana macho mawili yanayotazama sehemu moja. Akitazama mkalimani, hatua ya ubaoni imepita. Akitazama ubao, maelezo yamepita. Dawa yake ni ya mwalimu: andika hatua, nyamaza kama sekunde tano, geuka, eleza huku umeshika namba kwa chaki. Mkalimani asogee hadi ubaoni kabisa aonyeshe kwa kidole. Hata kwa mwalimu mzuri mkalimani hubaki nyuma kwa sentensi moja au mbili, kwa hiyo swali la "nani anajua jibu?" likiulizwa na kujibiwa papo hapo, kiziwi hatakuwa wa kwanza kunyoosha mkono maisha yake yote.

Maabara ya Kemia inadai zaidi. Kwenye taitresheni, yaani kudondosha tindikali kidogokidogo kutoka kwenye bureti hadi rangi ibadilike, mwanafunzi ameshika bomba la bureti kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine, macho yako kwenye rangi. Tone moja tu linatenganisha jibu sahihi na lililopita. Mkalimani akianza kutoa maelezo hapo, mwanafunzi anainua macho na tindikali inapita. Maelekezo yote yatolewe kabla vifaa havijaguswa, yarudiwe na mwanafunzi mwenyewe kwa alama, kisha mikono ya mkalimani itulie mpaka bomba lifungwe. Tahadhari ya moto au tindikali iwe na ishara moja inayojulikana na kila mtu, kama kuzima na kuwasha taa.

Kiswahili kinadhaniwa rahisi. Si hivyo. Shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, lina vina vya kati na vya mwisho vinavyoishi kwenye sauti. Kutafsiri maana ya ubeti hakumsaidii mwanafunzi anayeulizwa ataje vina. Mkalimani anapaswa kuspeli silabi ya kina, kuhesabu mizani kwa vidole na kuonyesha pa kugawia mshororo. Imla nayo haikalimaniki: ukispeli, umempa jibu, ukitoa alama, alama moja inaweza kuandikwa kwa neno zaidi ya moja. Mwambieni mwalimu abadilishe zoezi, mfano picha na sentensi zenye mapengo. Historia na Uraia zinakwenda vizuri, mradi majina na miaka viwe ubaoni.

Baada ya hayo ni uchovu, na hapa ndipo shule nyingi hununua kwa hasara. Mkalimani mmoja kwa siku nzima ya vipindi vinane ni bei nafuu kwenye karatasi. Baada ya dakika ishirini hadi thelathini mfululizo kichwa huanza kuacha vitu: kwanza mifano, halafu maneno ya kuunganisha kama "isipokuwa", mwishowe sentensi nzima. Mwenyewe hajijui. Wawili wakipokezana kila dakika ishirini wanafika kipindi cha mwisho wakiwa wazima, na yule asiyetoa alama hapumziki, anamlisha mwenzake namba na majina yaliyomponyoka. Kama fedha ni za mmoja tu, apangiwe Hisabati, sayansi na Kiingereza, asiwekwe zaidi ya vipindi viwili bila mapumziko, na masomo mengine yaende kwa notisi zilizochapwa. Alipwe pia kwa muda wa maandalizi, la sivyo hatajiandaa.

Wa kudumu ana faida ya kulijua darasa, na ana hatari yake: ndani ya mwezi anageuzwa mwalimu wa akiba. Mwalimu wa zamu hayupo, "shika kipindi". Mwanafunzi kachelewa, "mwadhibu huyo wako". Akikubali, wanafunzi wanaacha kumwamini, na siri zao hazipiti tena mikononi mwake. Mwalimu amwangalie mwanafunzi na kumuuliza, "Umeelewa?" Akimgeukia mkalimani na kusema, "Muulize kama ameelewa," ameshamtoa mwanafunzi darasani. Na mkalimani akalimani kila kitu, hadi utani wa viti vya nyuma.

Ya video ni ya dharura tu. Video ya kiwango cha megabiti moja kwa sekunde hula takriban megabaiti 300 kwa kipindi kila upande. Vipindi vinane, kwenda na kurudi, ni karibu gigabaiti tano kwa siku. Bando linalipika. Kisicholipika ni sauti: simu iliyo mezani inasikia madawati na feni kabla ya mwalimu, hivyo lazima mwalimu avae maikrofoni ya kubana kolani. Picha zikishuka chini ya ishirini kwa sekunde, kuspeli kunakuwa ukungu. Kwa kikao cha mzazi au ushauri wa dakika kumi inafaa. Kwa maabara, hapana.

Kwa viwango vya nyota: wawili wa kutwa wanaopokezana, nne na nusu kati ya tano, wa kudumu peke yake, tatu, video, moja na nusu.

Kabla ya kusaini, fanyeni kipindi cha majaribio cha dakika 40, somo la sayansi, mwalimu halisi. Aalikwe mtu mzima kiziwi kukaa nyuma na kutathmini, na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ni mahali pa kuanzia kumtafuta. Mkuu wa shule asiyejua hata alfabeti ya vidole hawezi kutoa hukumu hiyo. Kengele ikilia, wanafunzi viziwi wafunge vitabu na kuandika sentensi tano za Kiingereza kuhusu walichofundishwa. Wanaosikia wapewe zoezi hilohilo. Linganisheni karatasi neno kwa neno: maneno ya somo yaliyopo upande mmoja na kukosekana upande wa pili ndiyo yaliyodondoka njiani, na mkalimani aulizwe kila moja alilitoaje.