Kinga ya mbu kwa nyumba za Unguja na Pemba: kipi cha kununua kwanza, kipi cha kuacha dukani

Mbu wa visiwani kwetu hawana tabia moja, na mnunuzi asiyelijua hilo hupoteza fedha. Anofelesi, anayeeneza malaria, huzaliana katika madimbwi na mabonde ya mpunga, na huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, hueneza homa ya dengi na chikungunya. Yeye huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri, na huzaliana uani kwetu wenyewe, ndani ya mtungi, pipa, tairi bovu, hata kifuu cha nazi kilichotupwa. Kuleksi, anayetulilia masikioni usiku na ambaye hapa kwetu ndiye mwenezaji wa matende, hupenda maji machafu ya makaro na vyoo vya shimo. Mpangilio huu nimeupanga kwa kuangalia kinga ambayo familia huipata kwa fedha iliyotoa.

Nafasi ya kwanza ni ya chandarua chenye dawa, wala hakuna kinachokikaribia. Ulizia kwanza kwa sheha na katika kituo cha afya, kwa kuwa vyandarua hivi hugawiwa bure, na wajawazito na watoto wachanga hupewa umbele. Ukilazimika kununua, soma lebo kabla ya kutazama rangi. Chandarua kitokacho kiwandani na dawa yake hutarajiwa kufanya kazi kwa takriban miaka 3, au kufuliwa mara 20. Pemba imeshathibitika kuwa na Anofelesi wanaostahimili dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo zilizomo katika vyandarua vya kawaida. Kwa hiyo tafuta chenye herufi PBO, yaani kilichoongezwa kemikali inayouvunja ustahimilivu huo, au chenye klorofenapiri, dawa ya jamii nyingine, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwezi Machi 2023. Kwa kitanda cha samadari chagua cha pembe nne, kifungwe kwenye nguzo, kwa sababu cha duara humlalia mtu mwilini, na mbu humuuma kupitia kitambaa pale kiwiko kinapokigusa. Upana upimwe kwa mkono: pindo lishuke hadi kuingia chini ya godoro pande zote, na shibiri moja ibaki. Niliwahi kununua kisicho na lebo, laini na cheupe cha kupendeza, ambacho pindo lake liliishia juu ya godoro. Alfajiri niliwakuta mbu watatu kwa ndani, wametuama kwenye kona, matumbo mekundu kwa damu ya mwanangu. Kikichafuka, kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, kisha kianikwe kivulini, kwani jua huiharibu dawa.

Nafasi ya pili naipa bidhaa ya bei ndogo ambayo wengi hawaihesabu kuwa kinga ya mbu: mfuniko wa tangi na wa pipa. Maji ya mfereji hayaji kila siku katika mitaa mingi, hivyo lazima tuyaweke, na Aedesi huyafuata hayo hayo. Nunua mfuniko unaokaza bila kuacha mwanya, pamoja na kipande cha wavu cha kuzibia bomba la kumwagia maji yanayozidi. Mtungi unatosheka na kitambaa kizito kilichofungwa kwa mpira. Ongeza brashi ngumu. Mayai ya Aedesi hugandana na ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakisubiri mvua, kwa hiyo kumwaga maji bila kusugua hakusaidii. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10. Usugue kila wiki.

Wavu wa madirisha ni wa tatu, si kwa udhaifu wake bali kwa gharama ya vifaa na fundi. Hewa yetu ya chumvi hula waya wa chuma upesi, basi bora nyuzi za plastiki au alumini. Kumbuka pia uwazi ulio kati ya ukuta na paa: nyumba isiyo na dari na iliyoacha uwazi huo inawakaribisha mbu hata kama madirisha yote yamezibwa.

Kwa wanaokaa barazani baada ya magharibi, ya nne ni dawa ya kujipaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, ya asilimia 20 hadi 30, kwani chandarua hakimkingi aliyekaa nje. Mafuta ya mchaichai hunukia vizuri lakini nguvu yake huisha haraka. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe DEET.

Dawa ya kuchoma naiweka ya tano, na kwa kusita. Huwafukuza mbu, lakini matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kuwa moja tu inaweza kutoa vumbi laini sawa na la sigara 75 hadi 137. Iwashwe nje barazani, kamwe isiwashwe katika chumba kilichofungwa wanamolala watoto. Dawa ya kupulizia ya kopo huua waliomo chumbani wakati huo, basi. Vile vifaa vya umeme vinavyodaiwa kuwafukuza mbu kwa sauti visinunuliwe kabisa. Vimepimwa mara nyingi, na havipunguzi kuumwa.

Ukibakiwa na fedha, nunua chandarua cha pili cha kukunja kwa ajili ya safari. Malaria hapa Zanzibar imeshuka mno, na baadhi ya wanaogunduliwa nayo wametoka kusafiri Bara, kwa hiyo anayepanda boti kwenda harusini Tanga au Dar es Salaam akitie katika begi pamoja na nguo zake.