TAHADHARI wenye magari Nakuru: fundi wa ekzosi anayekuja hadi mlangoni ni mwizi

Ukiona mwanamume mfupi, ovaroli ya buluu, pikipiki iliyofungwa jenereta nyuma, akizunguka Kiamunyi, Ngata na kule juu Kabarak akitangaza kwamba anachomelea ekzosi papo hapo bila wewe kuhangaika kwenda gereji, mfukuze. Mfukuze kabla hajaingia chini ya gari. Polisi kituoni wameniambia nisiweke jina lake wala namba ya simu hapa mpaka wamalize kazi yao, basi siweki, lakini vidole vinaniwasha.

Wanaonijua wanajua habari za gari hili, Toyota NZE ya marehemu baba, na kwa nini siiuzi, kwa hiyo hilo nalipita. Mnajua pia kwamba oili namwaga mwenyewe, plagi nabadilisha mwenyewe, pedi za breki mwenyewe, hapo hapo uani juu ya stendi za jeki, na nusu ya ploti huniletea magari yao niyasikilize. Ndiyo sababu hasira yangu haishuki. Mtu kaniibia mchana kweupe, gari likiwa uani kwangu, tochi nikimshikia mimi. Sasa naona watu wakipita getini wakitabasamu. Tabasamuni, lakini someni.

Ekzosi ilianza kunguruma baada ya safari moja. Nikapiga jeki, nikalala chini, nikaona kutu imetoboa bomba karibu na sailensa ya nyuma, tundu la kuingia kidole. Nililifunga kwa kipande cha kopo na klampu, likatulia, halafu klampu zikalegea kwa mawe ya barabara yetu. Hapo kinachobaki ni kuchomelea, na mashine ya kuchomelea sina.

Na huyu mtu sikumwokota barabarani. Jirani alikuwa amemwita kwa ajili ya Probox yake, na Probox ilitoka imetulia kabisa, mimi mwenyewe niliisikia ikipita asubuhi. Bei aliyonitajia ilikuwa shilingi 800, kazi pamoja na rodi. Hakutaka malipo ya mbele. Halafu, na hapa ndipo aliponimaliza, kabla ya kuwasha mashine alifungua boneti akachomoa waya hasi wa betri bila kuambiwa na mtu. Ni mafundi wangapi mjini hapa wanaochomelea gari betri ikiwa imeunganishwa, kompyuta ya gari ikiungua wanakuambia ni bahati mbaya? Huyu alichomoa, akauzungushia kitambaa usiguse chuma. Nikasema moyoni, leo nimepata fundi aliyesoma. Niambieni, nani hapa asingemwamini?

Lile tundu aliliziba vizuri tu. Sitasema uongo, mkono wake wa kuchomelea ni safi. Akarudisha waya wa betri, akaniomba maji ya kunywa. Nikaingia ndani. Nilipotoka na gilasi akasema niwashe. Gari likawaka, likakohoa, nikikanyaga mafuta mshale haupandi, likazimika. Tukawasha tena.

“Madam, hebu njoo nyuma uweke mkono hapa.”

Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Upepo hautoki, labda kama pumzi ya mtoto mchanga aliyelala.

“Unaona? Gari halipumui. Sega la katalitiki, lile la kusafisha moshi, limeziba. Lilikuwa linapumulia lile tundu, sasa nimeliziba, limekabwa.”

Jamani, maneno yakaingia. Yalikuwa na mantiki, na aliyasema polepole, kwa huzuni, kama mtu anayependa kukwambia habari njema lakini hana. Halafu akaanza kunisifu. “Wewe si mtu wa kudanganywa, madam, unajua gari kuliko wanaume wa hii ploti. Njoo uangalie kwa macho yako.” Akalikata lile pipa la katalitiki kwa grinda, mbele na nyuma, akalikumbatia tumboni na kuniambia nimulike ndani. Nikamulika. Vitundu vidogo vidogo vyeusi, na nuru haipiti hata kwenye kimoja. Nikatikisa kichwa, nikasema kweli, limekwisha. Sasa nikilala ndipo ile picha inanijia vizuri: upande wa pili wa pipa ulikuwa umebanwa kwenye ovaroli yake. Nuru ingepitia wapi, kwenye kitovu chake?

Akapiga simu kwa “mwenye duka” huko mjini, akaweka sauti nje nisikie. Ya NZE imebaki moja, imetoka Japani, shilingi 18,500, na kuna mteja mwingine yuko njiani. Mimi nikachukua simu nikaanza kupatana. Nikapatana kwa fahari kabisa, nikaishusha mpaka 14,000, na fundi amesimama pale ananiangalia kwa heshima kama kwamba nimemshinda mtu. Boda ikaleta boksi lenye maandishi ya Kijapani, ndani mna pipa linang’aa rangi ya fedha. M-Pesa ikaenda. Akalifunga, akalichomelea, gari likawaka na kunguruma kidogo kwa sauti kali. “Ni mpya, madam, acha ijizoee.”

Na sasa sehemu ambayo mume wangu ameomba nisiiandike. Nilimpa chai na mandazi. Alipomaliza akaniuliza, kwa upole, hii taka ya zamani aitupe wapi, asije akaniachia chuma chafu uani watoto wakajikata. Akajitolea kuipeleka Gioto kwenye jaa. Nikamwongezea 200 ya petroli. Nilimlipa mwizi nauli ya kubeba mali yangu!

Wikendi iliyofuata tukapanda Molo. Kabla ya Njoro macho yalikuwa yananiwasha na ndani kuna harufu ya petroli mbichi. Mtoto mdogo akasema kichwa kinamuuma. Elburgon akatapika. Nikadhani ni zile kona. Tuliposhusha vioo vyote akatulia, na hapo ndipo tumbo langu lilianza kukaza, kwa sababu ninajua moshi wa gari una kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu, haina rangi, inakulaza usingizi hutaamka. Harufu niliyoisikia mimi ilikuwa ya bahati, ilikuja pamoja nayo. Tulirudi Nakuru vioo chini, watoto wamejifunga mablanketi kwa baridi ya Mau, na taa ya injini imewaka njia nzima.

Fundi ninayemwamini kule Industrial Area alipoliinua gari alinyamaza kwanza. Ile weldi safi ya nyuma ilikuwa sawa. Ya mbele, kwenye “katalitiki mpya”, ilikuwa na ufa unaopulizia moshi chini ya sakafu, pale pale chini ya miguu ya abiria. Waya wa sensa ya oksijeni ulikuwa umeungua, ndiyo maana taa iliwaka. Akalikata lile pipa linalong’aa. Ndani hakuna sega. Kuna bati la kawaida, kutu imepakwa rangi ya fedha, na limeshindiliwa stilwulu, ile ya kusugulia sufuria, nyeusi imeshaanza kuungua. Na ndani ya bomba la nyuma akavuta kipande kilichosalia cha gunia, kimebabuka kwa moto. Hicho ndicho “kilichoziba” gari langu wakati mimi natafuta gilasi.

Akanionyesha na jambo jingine ambalo limeninyima usingizi. Katalitiki iko mbele, karibu na injini. Tundu langu lilikuwa nyuma kabisa, karibu na sailensa. Kama katalitiki ingekuwa imeziba, gari lingepumuliaje tundu lililo nyuma ya kizuizi? Ule wimbo wote wa “limekabwa” haukuwa na maana yoyote, na aliuimba akinitazama usoni.

Jirani naye akaleta Probox. Tupu. Stilwulu. Ndiyo maana ilitulia vile.

Kwa wasiojua wanachoiba: lile sega ni la kauri, limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na kazi yake ni kugeuza moshi wenye sumu uwe na madhara kidogo kabla haujatoka. Rodiamu mwaka 2021 ilikuwa ghali kuliko dhahabu mara nyingi. Kwa hiyo ile “taka” haikuenda Gioto. Iko kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mahali fulani, na huyo mnunuzi ni mwizi sawa na huyu. Tuna Sheria ya Vyuma Chakavu tangu 2015, inataka kila anayenunua awe na leseni. Januari 2022 biashara yote ilisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu kung’oa vyuma vya umeme. Kumbe nguzo za umeme zikiguswa nchi nzima inasimama, lakini gari la mwananchi likitolewa moyo uani kwake anaambiwa ajaze karatasi arudi kesho kutwa.

Kupata pesa kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ni kifungo cha miaka 3. Mitatu! Mtoto wangu alitapika Elburgon. Mimi ningempa miaka 3 kwa ile stilwulu peke yake, halafu tuanze kuhesabu gunia, halafu ile chai yangu. Na hukumu isomwe pale pale kwenye lami ya Kabarak, amevaa ile ovaroli, ameshika tochi, amulike ndani ya bomba mpaka aone nuru. Wengine mmeniambia tumtafute wenyewe tumfundishe adabu. Hapana, sitaki mtu apigwe, nataka afungwe, tena na yule wa duka kwenye simu, kwa sababu sasa naamini duka halikuwapo, sauti ile ilikuwa ya mwenzake tu akiwa mahali anasubiri M-Pesa.

Mmeniuliza dalili za tapeli kama huyu. Sawa, haraka haraka. Atakutuma maji, au chaji, au kitu chochote cha kukutoa hapo. Atashika pipa karibu na mwili; wewe mwambie aliinue juu, litazame angani, sega zima hupitisha nuru kwa vitundu vyote. Linyanyue hilo “jipya”: lenye sega lina uzito wa kweli, tupu ni jepesi na ukilipiga kwa ngumi linalia kama debe. Rangi ya fedha mpya juu ya kutu. Maandishi ya boksi si ushahidi, boksi ni boksi. Risiti hana. Na akitaka kubeba ya zamani, hata akikuambia anakusaidia, ibaki kwako, iweke chini ya kitanda ukipenda. Kuna mengine nimeyasahau, nina hasira.

Na ukihisi kichwa kinauma au macho yanawasha ndani ya gari baada ya mtu kugusa ekzosi, simama, fungua milango, usiendelee na safari kwa sababu eti mmebakiza kidogo.

Namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, ninayo. Jirani wa Probox atakuwa shahidi. Kama na wewe alikuja kwako, kata pipa alilokufungia ujue kilichomo, piga picha kabla hujatupa, kisha niandikie twende kituoni pamoja, kwa sababu mtu mmoja wanamwona ni mama mwenye kelele, watu wanne ni kesi. Na wewe kijana wa boda uliyeleta lile boksi: nimeweka sura yako kichwani, na kamera ya mwenye nyumba inatazama geti. Ulitumwa au ulijua, sijui bado. Njoo uandikishe taarifa kabla hawajakuja kukuchukua.