Darasa la jioni la kuzaliwa tena, Upanga: zuri mpaka linapofika kwenye neno "roho"

Vipindi ni vinne, dakika 90 kila kimoja, vyote kwa Kiswahili, pamoja na kitini. Swali ni moja tu: Wahindu na Wabudha wanaposema mtu hufa akazaliwa tena, ni nini hasa kinachoendelea?

Vipindi viwili vya Uhindu vina thamani ya ada yote. Mwalimu anaanzia Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, ubeti wa 22: mtu huvua nguo kuukuu akavaa mpya, na mwenye mwili ndivyo anavyoacha mwili uliochakaa. Hapohapo anafafanua jambo ambalo wengi hulikosea. Kwa mwanafalsafa wa Kihindu Shankara, atman, yaani nafsi ya ndani kabisa ya mtu, haisafiri kokote, maana ndiyo hiyohiyo Brahman, uhalisi mmoja ulio nyuma ya vyote. Kinachohama ni mwili laini usioonekana, uliobeba alama za matendo. Ramanuja, mwanafalsafa mwingine wa Kihindu, hakubali kwamba nafsi zote ni kitu kimoja. Kwake kila nafsi ni halisi, na hata ikikombolewa haiyeyuki. Karma, yaani matendo na matunda yake, nayo imeelezwa kwa mishale: iliyomo podoni ni sanchita (yaliyolimbikizwa), uliokwisha kuachiwa ni prarabdha (yanayozaa matunda sasa), unaowekwa upindeni sasa ni agami (yanayotendwa sasa). Ndiyo maana aliyekwisha kuijua kweli bado anaumwa na kuzeeka. Mshale ulioachiwa haurudi.

Kipindi cha tatu ndipo mambo yanapoharibika. Kitini kimeandika "roho" kwa atman, kisha kikaandika "roho" tena kwa vijnana ya Wabudha, yaani fahamu. Basi, kwisha kazi. Buddha alifundisha kwamba hakuna atman: mtu ni mafungu matano, yaani umbo, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na fahamu, na hakuna hata moja linalodumu. Ukisema "roho huhama" umeshamrudisha mwanafunzi kwenye Gita. Darasa likauliza, na lilikuwa na haki: kama hakuna nafsi, nani analipa deni la matendo?

Jibu limo katika Milindapanha, kitabu cha Kibudha cha maswali ya mfalme Milinda. Mtu kaiba maembe, anajitetea kwamba aliyochuma siyo yale yaliyopandwa ardhini. Mtawa Nagasena anamuuliza mfalme: ataachiwa? Hapana, kwa sababu haya yametokana na yale. Mfano wa maembe, Dar es Salaam, na mwalimu kauruka! Kachukua ule wa taa iwakayo usiku kucha peke yake, nao kaupitia mbiombio.

Kipindi cha nne kinatosha: Wabudha wa Theravada husema hakuna pengo kati ya kifo na kuzaliwa, Wabudha wa Tibet husema kuna bardo, yaani hali ya katikati, hadi siku 49.

Tangazo la mlangoni nalo libadilishwe. "Kuzaliwa mara ya pili" mjini hapa ni wokovu, na watu watakuja na Biblia wakitafuta Yohana 3. Kwa anayejiandikisha: kabla ya kipindi cha tatu chukua kalamu, kwenye atman andika "nafsi", kwenye vijnana andika "fahamu", na "roho" uifute kila uionapo.