Sahani ya dagaa njiani kurudi Pasiansi: mgahawa mdogo wa mama lishe, Kirumba

Kwa miezi saba sasa nimekuwa mteja wa mgahawa wa mama lishe ulioko Kirumba, jijini Mwanza, hatua chache kutoka Barabara ya Makongoro, upande wa kuelekea soko la samaki la Mwaloni. Mgahawa huo hauna kibao wala jina; una paa la bati, mabenchi manne, meza mbili zilizotandikwa mpira wa maua, na majiko mawili ya mkaa yaliyowekwa nje ili moshi usiwafuate walaji. Nimeamua kuuandikia tathmini kwa sababu, tangu daktari aliponieleza kwamba shinikizo langu la damu limeanza kupanda na kwamba nirekebishe chakula na mwendo kabla ya kufikia dawa, hapa ndipo mahali pekee palipobadilisha ulaji wangu bila kunitoza gharama nisiyoimudu.

Nianze na dagaa, kwani ndio wanaonirudisha. Dagaa wa Ziwa Victoria huanikwa kwa namna mbili: wengine humwagwa juu ya mchanga wa ufukweni, wengine hutandazwa juu ya vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini. Wa kichanja huuzwa ghali kidogo, lakini ni wasafi zaidi, na mama huyu hununua hao. Hata hivyo hawaamini moja kwa moja. Nimewahi kuketi karibu na beseni lake nikatazama: huwaosha kwa maji ya uvuguvugu, mara tatu, na kila mara huwaokota kwa viganja viwili kutoka juu badala ya kuyamwaga maji pamoja nao, ili kilichotuama kibaki chini. Maji ya kwanza yalipotulia niliona utando mwembamba wa mchanga kwenye sakafu ya beseni, mchanga ule ule unaosaga meno na kuwafanya watu wengi waape kutokula dagaa tena. Baada ya hapo huwakausha kwenye sufuria isiyo na mafuta mpaka harufu ibadilike, kisha ndipo huongeza kitunguu, nyanya nyingi, mafuta kidogo, na ndimu anapoipua.

Chakula hiki ni cha kawaida kabisa kwetu, na pengine ndiyo maana tunakidharau. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, kwa hiyo pamoja na protini mlaji hupata kalsiamu ambayo minofu ya sangara haimpi kwa kiasi hicho. Ndimu nayo haikuwekwa kwa ajili ya ladha peke yake, kwani vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na mboga za majani. Mboga hapa hazikosi: siku moja mchicha, siku nyingine matembele au mlenda, na mara chache nsansa, yaani mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, ambayo wazee wa Kisukuma huifuata hasa, wakimwamkia mwenye mgahawa "mwadila, mayu" kabla hata ya kuketi. Ugali ni wa dona. Mama aliniambia kwamba wateja wa mwanzo walimnung'unikia wakitaka sembe nyeupe, naye akashikilia msimamo wake, na nadhani alifanya vyema, kwa kuwa dona haijaondolewa pumba na kiini cha punje, na humshibisha mtu kwa muda mrefu zaidi. Katika msimu wa viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, huvichemsha na kuviuza kama kitafunwa. Navipendelea kuliko maandazi.

Jambo la pili linahusu mahali penyewe ulipo mgahawa. Ninafanya kazi katikati ya mji na ninaishi Pasiansi, na zamani nilipanda daladala moja kwa moja hadi nyumbani. Sasa, siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, hutoka ofisini saa kumi na nusu nikatembea dakika 25 hivi hadi Kirumba, nikala, kisha nikatembea muda kama huo hadi nyumbani. Kwa wiki hiyo ni dakika 150, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja kuwa cha chini kwa mtu mzima anayefanya mazoezi ya wastani, nami nimekifikia bila kununua viatu vya michezo wala kulipia ukumbi wa mazoezi. Sikutarajia, hata hivyo, kwamba faida kubwa ingekuwa ya akili. Nilikuwa naingia nyumbani na mambo ya ofisini yakiwa bado mdomoni, nikiwajibu watoto kwa ukali usiowahusu. Nikitembea kando ya barabara hiyo, upepo wa ziwa ukinipiga usoni na nyumba zikionekana zimepandana juu ya miamba, uzito huo hupungua wenyewe. Kisha kuna benchi. Huwezi kukaa hapo bila kusalimiana na aliye pembeni yako, na mama hufungulia redio kwa sauti ya chini tu, kwa hiyo watu huzungumza. Nimeacha kuitoa simu mfukoni ninapokula, na nimegundua kwamba sasa huona mapema zaidi kwamba nimeshiba.

Zipo kasoro, na mbili kati yake ni nzito. Ya kwanza ni chumvi. Dagaa wake wana kiasi, lakini mchuzi wa sato wa kukaanga una chumvi nyingi mno, kwa sababu juu ya chumvi yenyewe huongezwa viungo vya pakiti ambavyo tayari vina chumvi ndani yake. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na sahani ile peke yake nahofia hula sehemu kubwa ya kiasi hicho. Nilipomweleza hali yangu hakukasirika. Aliniambia, "Mwanangu, ungesema tangu mwanzo," na tangu siku hiyo hunipikia sato wa chukuchuku katika sufuria ndogo, kwa nyanya, karoti na ndimu. Ningependa chakula hicho kiwe cha kila mteja, kwani wengi wenye shida kama yangu huona haya kuomba. Ya pili ni chai ya rangi, ambayo huletwa pamoja na chakula, ilhali chai inayonywewa wakati wa kula hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa. Mimi huomba iletwe baadaye, bila sukari. Matunda pia hayapo, nami hununua papai au embe kwa wachuuzi walio jirani.

Usafi unaridhisha: maji ya kunawa ni ya kutiririka kutoka kwenye ndoo yenye bomba, sabuni haijawahi kukosekana, na sahani hukaushwa juu ya kichanja. Huduma huchelewa kidogo kunapokuwa na wavuvi na wabeba mizigo wengi, jambo ambalo sioni sababu ya kulilaumu.

Sahani ya ugali, dagaa na mboga ni shilingi 2,500. Sato huanzia shilingi 5,000 kulingana na ukubwa wake. Anayemtaka sato wa chukuchuku amwagize mama asubuhi anapopita, na anayefuata dagaa siku ya Ijumaa asifike baada ya saa kumi na moja, kwa maana atakuta sufuria imeshaoshwa.