Throto 4 za pikipiki kwenye 4A-GE: uzoefu wangu

Nianze na hukumu kabisa kwa asiye na muda: throto (mlango wa hewa ya injini) moja kwa kila silinda ni kitu kitamu, ila kama unategemea gari iongeze nguvu za kutisha kwa kufunga hizo tu huku kontrol boksi (kompyuta ya injini) ukaiacha ilivyo, hela yako itunze. Utamu wake uko mguuni. Ukigusa eksileta injini imeshaitika, maana sahani ya throto iko karibu kabisa na vali na hakuna tena lile tumbo la manifoldi (bomba la kugawia silinda hewa) la kujaza hewa kwanza.

Injini yangu ni 4A-GE ya Toyota ya vali 16, nimeijenga mwenyewe nyumbani, throto nikachukua used za pikipiki ya Suzuki GSX-R. Najua kuna watakaouliza kwa nini nisitafute ile ya vali 20 ambayo Toyota waliitoa kiwandani na throto 4 tayari, na wana haki, kama unaanza upya kabisa chukua hiyo. Mimi hedi nilikuwa nayo na nishaisafisha, sikuwa na mpango wa kuitupa.

Upande wa chuma sina malalamiko. Throto za pikipiki zimesogeleana kuliko matundu ya hedi kwa hiyo unazitenganisha, unaweka spesa katikati, unachongesha fleji (bamba la kuungia) ya aluminiamu, vipande vya mpira na klempu, basi. Zile sahani za pili zinazoendeshwa na kimota nimezitoa zote, hazina kazi huku. Kabla hujalipa shika shafti uitikise, ikicheza inavuta hewa pembeni na hapo sailensi (injini kutulia bila kukanyaga eksileta) hutaipata milele.

Shughuli yenyewe ni kubalansi. Unashika kile kipima hewa chenye mshale, unakibana kwenye mdomo wa kwanza unasoma, unahamia wa pili, mpaka wa nne, halafu unaingia na bisibisi kwenye viskrubu vilivyo kati ya throto na throto. Hapo robo mzunguko ni nyingi mno. Namba 2 inasoma 4, namba 3 inasoma 6, injini inatetemeka kama ina homa, unagusa skrubu ya katikati kidogo tu na zote mbili za upande ule zinahama pamoja, kwa hiyo balansi 1 na 2 kwanza, kisha 3 na 4, ndo uje ulinganishe pea kwa pea. Zikikaa sawa utasikia mwenyewe, mngurumo unanyooka. Na fanya injini ikiwa ya moto, ikiwa baridi unajidanganya.

Kontrol boksi nimetumia Speeduino na nairidhia. Shida ni kwamba kila throto inaona mvuto wa silinda yake tu, unakuja kwa midundo, na ukikanyaga kidogo tu mvuto wenyewe unakuwa umeshaisha, kwa hiyo sensa ya presha ya manifoldi inabaki inababaika. Dawa ni kuipangia mafuta kwa kuangalia throto imefunguka kiasi gani na injini iko RPM ngapi. Piga hesabu, sahani 4 za milimita 42 zina eneo mara 2 na ushee ya sahani moja ya milimita 55, yaani ule mguso wa kwanza wa mguu unafungua hewa nyingi balaa, ndo maana kwenye jedwali la mafuta nimejaza visanduku vingi pale throto inapoanza kufunguka na huku mwisho vichache. Bila sensa ya lambda (inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta) usijaribu hata. Mimi mchanganyiko nauweka karibu na hewa 14.7 kwa mafuta 1 kwenye mwendo wa kawaida, nikikanyaga mpaka mwisho unashuka 12.5 hadi 13. Ongeza na sensa ya presha ya hewa ya nje, la sivyo ukipanda mlima mafuta yanazidi, boksi haijui kama hewa imekuwa nyepesi.

Breki nazo usizisahau!! Ukitoa mpira wa busta (inayosaidia breki kwa mvuto wa injini) kwenye throto moja pedali inakuwa ngumu. Vuta kutoka zote 4, ziingie kwenye kitenki kidogo, halafu vali ya njia moja kabla ya busta.

Mafuta inakula zaidi, ila sidhani throto ndo za kulaumiwa, ile sauti ya tarumbeta inakufanya ukanyage tu. Juu nimeweka chujio za sponji, kuacha midomo wazi ni kuilisha injini mchanga.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya asubuhi, sijafunga vali ya sailensi kwa hiyo injini ikiwa baridi lazima ukae umeshikilia eksileta mpaka ipate joto, na kama gari anaiendesha na mtu mwingine nyumbani, zipe nyota 3.