Mashine ya trei tano kwa achari ya embe: kukausha inaweza, sukari iangalie

Mashine ya umeme ya kukaushia chakula, ya duara, trei tano za plastiki, wati 250, feni na koili ya joto vikiwa chini. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu: achari ya embe, ile nyekundu ya Mombasa yenye sukari na pilipili.

Kabla ya kulipa, tazama kama ina kitufe cha kupandisha na kushusha joto. Yenye swichi ya kuwasha na kuzima pekee iache hapo hapo dukani. Embe hutaka nyuzi 55 hadi 60. Ukizidisha, nje hukakamaa na kuziba huku ndani bado mna maji. Kipande huonekana kimekauka, kumbe ukikifungia kwenye chupa kitaota ukungu.

Chagua embe bichi, gumu, lililopevuka. Lililoanza kulainika hunata kwenye trei. Kata vipande vya milimita 5 au 6, vyote unene mmoja. Kila kilo ya vipande itie chumvi kijiko kimoja cha chakula, iache nusu saa, chuja maji, kisha panga bila kupandanisha. Saa 8 hadi 10 zinatosha, ila trei za chini hutangulia kukauka, kwa hiyo zibadilishane nafasi kila baada ya saa mbili. Kipande kilichokauka sawasawa hupindika bila kuvunjika, na ukikiminya hakitoi maji. Kilo itabaki gramu 200 hivi. Umeme hauzidi uniti 2 na nusu. Jua ni bure, naam, lakini linataka siku mbili tatu, pamoja na inzi na vumbi, na wakati wa masika halitabiriki. Kwa hatua hii mashine inastahili bei yake, ingawa inavuma usiku kucha.

Shida inaanza kwenye sukari. Ukirudisha vipande vikiwa vimelowa shira, shira hudondoka hadi kwenye koili, ikaungua, na harufu yake haitoki upesi. Dawa ni kuikausha sukari kwenye sufuria kwanza. Kwa gramu 200 za embe kavu, chemsha sukari gramu 150 na maji mililita 60 mpaka mapovu yawe makubwa na mazito. Epua, ndipo utie pilipili ya unga vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai na rangi kidogo. Pilipili ikitiwa motoni huungua na jiko zima litakohoa. Mimina embe, koroga bila kupumzika mpaka sukari igande na kuwa chengachenga juu ya vipande.

Wengi huongeza ndimu kwenye shira ikichemka, halafu hulalamika achari inanata. Asidi ndiyo inayozuia sukari kuganda. Ukali wa embe lenyewe unatosha. Kwa sababu hiyo hiyo usilichemshe ndani ya shira.

Sasa rudisha mashineni, nyuzi 50, saa moja hadi mbili, juu ya karatasi ya kuokea iliyotobolewa katikati hewa ipite. Bila karatasi, trei nyeupe zitabaki na madoa mekundu ambayo sabuni haiyaondoi.