Uzoefu wangu na imeji za Docker zinazokataa kufutwa

Natumia Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya makontena (mazingira yaliyotengwa), kwenye seva za majaribio, ambako imeji mpya, yaani vifurushi ambavyo makontena huanzishwa kutoka kwavyo, hujengwa kila mara na diski hujaa upesi. Jambo ninalolithamini zaidi katika programu hii ni lile ambalo wengi huliona kuwa usumbufu: inapokataa kufuta imeji huwa na sababu, na sababu yenyewe huwa imeandikwa kwenye ujumbe wa kosa, ila watu wengi huishia kusoma neno `conflict` tu na kuacha mengine.

Mimi husoma hadi mwisho wa mstari. Nikikuta `cannot be forced` pamoja na namba ya kontena, najua kuna kontena linaloendelea kufanya kazi kwa imeji hiyo, na hapo hakuna njia ya mkato. Nikikuta `must be forced`, aghalabu ni kontena lililosimama ambalo halijafutwa. Hilo la pili ndilo linalowasumbua watu zaidi, kwa kuwa `docker ps` huonyesha makontena yanayoendelea tu, na mtu huapa kwamba hana kontena lolote hadi aongeze `-a`. Tena ujumbe hutaja kontena moja hata kama yanayoishikilia imeji ni mengi, ndiyo maana napenda kutumia `docker ps -a --filter ancestor=` nikifuatisha jina la imeji, nikayaona yote kwa pamoja, nikayaondoa kwa `docker rm`, kisha `docker rmi`, amri ya kufuta imeji, hupita bila ubishi.

Ushauri wa kukimbilia `-f`, yaani kulazimisha ufutaji, siuungi mkono hata kidogo. Ukilazimisha kufuta imeji inayotumiwa na kontena lililosimama, jina litatoweka kwenye orodha, lakini matabaka yake (mafungu ya faili yanayoiunda) yatabaki kwenye diski kwa sababu kontena bado linayahitaji. Nafasi uliyoitafuta hutaipata, na ukitazama `docker ps -a` utaona namba ya utambulisho mahali palipokuwa na jina la imeji, jambo linalofanya iwe vigumu zaidi kujua kontena lile lilitoka wapi.

Kuna hali nyingine ambayo si kosa kabisa, ingawa hufanana nalo. Imeji moja inaweza kuwa na tagi (majina ya kuitambulisha) kadhaa, na kwenye `docker images` utaona mistari miwili yenye namba ileile ya herufi 12. Ukifuta kwa jina la kwanza, jibu ni `Untagged:` peke yake. Neno `Deleted:` huja tu tagi ya mwisho inapoondolewa. Ukitumia namba badala ya jina, Docker itakataa na kueleza kwamba imeji hiyo imetajwa katika hazina zaidi ya moja, nami naona ni haki yake kukataa, kwa sababu haiwezi kukisia ni tagi ipi uliyoikusudia.

Kizuizi cha imeji tegemezi, yaani zile zilizojengwa juu ya nyingine, hutokana na mfumo wa zamani wa kujenga, na kimepungua tangu toleo la 23.0 la mwaka 2023 lilipoifanya BuildKit, mfumo mpya wa kujenga imeji, kuwa chaguo-msingi kwenye Linux. Kontena linalorudi kila unapolifuta ni suala jingine: mara nyingi lipo chini ya huduma ya Swarm (sehemu ya Docker inayosimamia makontena na kuyaanzisha upya), kwa hiyo huduma hiyo ndiyo ya kuondolewa kwanza.

Kwa usafi wa jumla, `docker image prune` huondoa imeji zisizo na tagi pekee. Ukiongeza `-a`, itaondoa kila imeji isiyo na kontena, zikiwemo zile ulizopanga kuzitumia kesho, kwa hiyo nashauri uanze na `docker system df`. Amri hiyo ina mstari wa pekee wa akiba ya ujenzi (cache), yaani matokeo ya ujenzi yaliyohifadhiwa ili yatumike tena, ambayo haiguswi na `docker rmi` na husafishwa kwa `docker builder prune`. Kwenye seva inayojenga imeji kila siku, huo ndio mstari ninaoutazama kabla ya kufuta imeji yoyote.